Barua ya Wazi kwa Rais Erdoğan: Tunaomba Semina Elekezi Mpanda

Mheshimiwa Recep Tayyip Erdoğan,
Rais wa Jamhuri ya Uturuki,
Ikulu, Ankara.

YAH: MAOMBI YA SEMINA ELEKEZI JUU YA NAMNA YA KUWAUDHI WAKUBWA NA BADO KULIPWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Ikulu yako ina vyumba zaidi ya elfu moja na sidhani kama kuna hata kimoja chenye ramani inayotuonyesha, kwa hiyo naomba nijitambulishe. Ukifika Kaliua kwa reli ya kati, unashika tawi la kusini-magharibi, kilomita kama 210, mpaka reli inapoishia. Hapo ndipo kwetu. Waingereza waliileta reli hiyo mwaka 1950, si kwa kutupenda, bali kwa kuyafuata madini ya risasi. Madini yalipoacha kulipa, mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na mpaka leo inabeba magunia ya mpunga na mahindi pamoja na abiria waliobanana na madumu ya asali.

Kabla ya hao, mwaka 1879, Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme Leopold II walishajenga kituo chao Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Leo Karema ina bandari mpya inayotazamana na Kongo. Kukaguliwa na wakubwa, Mheshimiwa, tumezoea. Ambacho hatujazoea ni kulipwa. Wewe ndiye bingwa wa fani hiyo, na ndiyo sababu ya barua hii. Mada tunazopendekeza ni hizi.

Mada ya kwanza ni silaha. Nchi yako imo NATO tangu 1952, jumuiya iliyoundwa kumzuia Mrusi. Mwaka 2019 ukapokea mitambo ya kudungulia ndege ya S-400 kutoka kwa Mrusi huyo huyo. Ni sawa na mtu wa sungusungu kwenda kununua kufuli la mlango kwa yule ambaye mtaa mzima unakesha kumlinda. Marekani ikakutoa kwenye mradi wa ndege za F-35, kisha Desemba 2020 ikaweka vikwazo. Sisi tukajua umekwisha. Kumbe wapi! Mwaka 2022 Sweden ikaomba kuingia NATO, nawe ukalikalia ombi lake. Bunge lako liliporidhia Januari 2024, wiki ile ile Marekani ikakubali kukuuzia ndege za F-16 na vifaa vyake, mzigo wa dola bilioni 23. Huku kwetu mtu akikalia faili la mwenzake mpaka apewe chochote, TAKUKURU wana namba ya kupiga bure. Kwenu inaitwa diplomasia.

Mada ya pili ni wakimbizi, na hapa Katavi tunaona tumepunjwa. Haki yako tunakupa: mliwapokea Wasyria zaidi ya milioni 3.5, idadi ambayo Ulaya nzima ingeikimbia. Lakini uliijua bei yake. Machi 2016 mlikubaliana na Umoja wa Ulaya kwamba mzuie watu wasivuke kwenda Ugiriki, nao watoe euro bilioni 6 za kuwahudumia wakimbizi walioko kwenu. Mwishoni mwa Februari 2020, ulipoona hawakusikilizi, ukatangaza kuwa lango liko wazi, na maelfu ya watu wakakimbilia mpakani na kukuta mabomu ya machozi ya Wagiriki. Wale binadamu walitumika kupeleka ujumbe.

Sasa sikia ya kwetu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliletwa Katumba, na baadaye Mishamo. Lilikuwa pori la mbung'o. Wakafyeka, wakalima, wakavuna mpaka wakawalisha na wenyeji. Wahisani walichangia, hilo halina ubishi. Halafu Serikali yetu nayo ikaonyesha ufundi wake: mwaka 2010 watu hao walikuwa wameshakubaliwa kuwa raia, lakini vyeti vikazuiwa mpaka kwanza wahame na kutawanywa mikoani. Mpango huo ulishindikana, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, kwa watu zaidi ya 162,000 wakiwemo wa Ulyankulu kule Tabora. Nenda Katumba leo uombe kuonyeshwa kimoja. Kitatolewa sandukuni, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni, na mwenyewe atakishika kwa ncha za vidole mpaka umalize kusoma. Ukikirudisha atakihesabia mikunjo.

Katika miaka yote hiyo hakuna kiongozi wetu aliyewatisha Wazungu kwamba atafungua njia watu wa Katumba waende Brussels. Nakiri nauli nayo ingekuwa kikwazo. Ila tungepata mkufunzi kutoka Ankara, pengine leo barabara ya Karema ingekuwa na lami mpaka majini.

Mada ya tatu ni wapinzani. Machi 18, 2025, Chuo Kikuu cha Istanbul kilifuta shahada ya meya wa jiji hilo, Ekrem İmamoğlu, ambayo alikuwa nayo kwa miaka 30 hivi. Kesho yake alfajiri polisi wakamkamata. Kwenu asiye na elimu ya juu hagombei urais, kwa hiyo kazi ilifanyika kwa mikono miwili. Nawe meya wa Istanbul ulikuwa, mwaka 1999 ukatiwa jela miezi minne kwa kusoma shairi jukwaani, na jela hiyo ikakupandisha chati. Nadhani ndiyo maana safari hii umeona shairi halitoshi.

Katika mada hii Katiba yetu inatuangusha. Anayetaka ubunge anatakiwa kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na hakuna chuo duniani kinachoweza kumfutia mtu kusoma na kuandika. Sisi hutegemea fomu. Novemba 2019, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwa kasoro za kujaza fomu, chama tawala kikazoa zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Aprili 9, 2025, kiongozi wa upinzani Tundu Lissu akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Siku tatu baadaye chama chake kikatangaziwa kuwa hakitashiriki uchaguzi mkuu, kwa sababu hakikusaini kanuni za maadili. Kutoka İmamoğlu hadi Lissu ni wiki tatu kamili. Utaona wanafunzi wako wanaishi mbali lakini hawachelewi darasani.

Kinachotutofautisha ni kinachofuata. Bunge la Ulaya hupitisha maazimio juu yenu na juu yetu, lugha ile ile ya kusikitishwa. Mwishoni mwa Oktoba 2025, mahakama iliagiza İmamoğlu, ambaye tayari alikuwa jela, ashikiliwe pia kwa kesi ya ujasusi. Oktoba 27 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alikuwa Ankara akisaini kukuuzia ndege 20 za kivita za Typhoon, pauni bilioni 8. Oktoba 29 sisi tukapiga kura. Intaneti ilizimwa, watu wakapoteza maisha, na huko Ulaya yakaanza mazungumzo ya kusitisha misaada. Sina neno na anayeguswa na damu ya Watanzania. Nauliza tu kama haki inayodaiwa Dodoma ndiyo hiyo hiyo iliyosubirishwa Ankara ili wino wa mkataba ukauke.

Mada ya nne ni biashara kati yetu. Ulikuja Dar es Salaam Januari 2017, miezi sita baada ya jaribio la mapinduzi kwenu, ukataka wafuasi wa Fethullah Gülen, uliyemtuhumu kulipanga, washughulikiwe, wakiwemo wanaohusishwa na shule za hapa nchini. Siku chache baadaye, Februari, kampuni ya Yapı Merkezi ya kwenu pamoja na Mota-Engil ya Ureno zikasaini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Reli ni nzuri, tunaishukuru. Mwaka 2020 fedha nyingi za kazi hiyo zikapatikana kwa mkopo ulioongozwa na benki ya Standard Chartered, na waliosimama kuudhamini ni mashirika ya Denmark na Sweden. Ndiyo, Sweden ile ile uliyoisotesha kwenye foleni ya NATO. Huko mnakunjiana ngumi, huku mnashikana mikono juu ya deni letu.

Tawi la reli hiyo kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi Karema limo kwenye mipango. Kampuni za kwenu zikishinda zabuni, karibu sana. Zije na mataruma, zilipe vibarua kwa wakati. Zisije na orodha ya watu wa kukamatwa, kwa maana Oktoba 2024 tuliona Nairobi Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi wakichukuliwa na kurudishwa kwenu, na Kenya ikathibitisha kuwa ni kwa ombi la Ankara. Mkoa ulioishi na wakimbizi miaka hamsini hauwezi kulipia reli kwa sarafu hiyo.

Mheshimiwa, Mwalimu Nyerere naye aliwaudhi wakubwa. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipotumia misaada kutubana juu ya uhusiano na Ujerumani Mashariki, akawaambia wachukue na iliyobaki. Desemba mwaka huo huo akavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Simfanyi malaika, sheria ya 1962 ya kuwaweka watu kizuizini ilikuwa yake. Ila ugomvi ule aliulipia mwenyewe, na aliugombea kwa niaba ya watu ambao hawakuwa na kura ya kumpa. Wewe ugomvi wako hulipwa na wakubwa, na chenji yake hukatwa kwa mwananchi wa Istanbul, ambaye meya aliyemchagua amefungwa gereza la Silivri.

Kwa hiyo, baada ya kuandika yote haya, naomba kurekebisha maombi yangu. Semina ifanyike kwa mada moja tu: jinsi ya kujua thamani ya mahali ulipo. Tuna bandari, tuna reli, tuna madini, na tuna historia ya kupokea watu. Hizo tufundishwe kuzidai bei yake. Mada ya kuwafunga wapinzani iondolewe kwenye ratiba. Walioko huku wanaijua bila mwalimu.

Wako katika ujenzi wa reli,

Mkazi wa Mpanda, Katavi.

Nakala:
Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, Dodoma – mada ya kwanza na ya pili kwa kujifunza. Ya tatu kwa taarifa tu, si kwa utekelezaji.