Jinsi ya Kutambua Sauti ya Kamyoneti Bila Kuisimamisha

Kanuni ya kwanza: sauti yoyote ngeni ni kokoto mpaka ithibitike vinginevyo. Kokoto haina bei. Ndiyo maana dereva mzoefu wa Hilux ya mazutu (dizeli), aliyetoka Gitega na magunia ya maharagwe hadi juu ya kingo, akisikia "ng'wii" kabla hata ya kufika Karuzi, huanza na ugonjwa unaotibika bure, kisha hupanda bei taratibu: kokoto, mkanda wa feni, beringi, gia boksi. Injini haitajwi. Kuitaja ndani ya gari ni kuichokoza.

Kanuni ya pili: ongeza redio. Sauti ikipotea, haikuwa na uzito. Ikiendelea kusikika, waulize abiria. Mzee wa kiti cha mbele atasema ni nozeli, kwa kuwa shemeji yake aliwahi kuwa na lori. Walio juu ya magunia watagonga paa kuomba mwendo uongezwe. Utingo atasema ni mbuzi, na utingo asidharauliwe: asubuhi ya baridi, mbuzi aliyefungwa miguu na mkanda uliolegea hulia sauti moja. Tofauti ni kwamba mkanda hulia ukikanyaga mafuta, mbuzi ukikanyaga breki.

Mazutu yana shida yake. Injini yake haina plagi za cheche. Hukandamiza hewa mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yenyewe, ndilo wazo lililompatia Rudolf Diesel hataza miaka ya 1890. Kugongagonga inapowashwa ni salamu tu. Ugonjwa ni mlio mmoja wa kugonga unaoendelea hata injini ikiwa imeshapata moto. Kwenye pampu za zamani, fundi hulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma. Ile inayonyamazisha mlio huo ndiyo mwenye kesi. Kwenye injini za kisasa usijaribu, mafuta hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Na miaka hii ya uhaba wa mafuta, mazutu mengi huingia tangini kutoka kwenye bidoni, na bidoni haisemi imebeba maji kiasi gani. Taa ya maji ya filta ikiwaka, wewe funika dashibodi kwa kitambaa, kama wafanyavyo wenzako.

Redio na utingo wakishindwa, kuna njia ya aibu: badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Toa gia, uache gari lijiendee. Kelele ikishuka pamoja na injini, ni ya injini. Ikiendelea kufuata mwendo wa magurudumu, iko magurudumuni au kwenye propela. Jaribio hili ni la tambarare, na Burundi haikujaliwa tambarare nyingi. Gari la maharagwe lililotolewa gia kwenye mteremko litakupa sauti isiyohitaji kutambuliwa. Mngurumo ukizidi unapokata kushoto na kupungua unapokata kulia, shuku beringi ya kulia, kwa kuwa mzigo umehamia huko. "Klo" moja ukiachia klachi na nyingine ukiachia mafuta: viungo vya propela. Chuma kikisaga chuma ukikanyaga breki, kokoto haihusiki tena. Pedi zimekwisha. Simama.

Tangu 2025 mikoa 18 ya Burundi imekuwa 5, kwa hiyo sauti iliyozaliwa mkoa wa Gitega huvuka na kuingia Buhumuza, ambamo Muyinga imo siku hizi, bila kuonyesha karatasi. Hapo, kwa kawaida, hunyamaza. Ukifika Gasorwe, upande huo wa Muyinga, gari ni kimya kabisa, na fundi anafuta mikono.

"Inalia vipi?" atauliza.

Hapa mwongozo wote unakutegemea wewe. Gasorwe ina kambi ya wakimbizi wa Kongo, kwa hiyo Kirundi, Kiswahili na Kifaransa vyote vinasikika, lakini hakuna hata kimoja kitakachokusaidia. Itakubidi uigize. Watoto watakusanyika, mzee wa mbele atakusahihisha, utingo atalia kama mbuzi. Piga "ng'wii" yako kwa moyo wote. Fundi atafumba macho, atafikiri, kisha atasema:

"Haya, rudia. Sasa ukiwa gia ya pili."