Samaki Wamehama Ukuta

Leipzig, Jumamosi usiku

Mjomba,

Uliuliza kwa nini sikupokea simu mchana. Nilikuwa nahamisha samaki, kutoka dirishani kwenda ukuta wa pili. Hatua nne. Tulikuwa wanaume wanne, tumeanza asubuhi, tumemaliza jua likizama. Usicheke kwanza.

Mwenye nyumba wangu, mzee mstaafu, anafuga samaki sebuleni, tena wa kwetu Tanganyika: wale weusi wenye mkanda mpana wa njano, wanaokaa kwenye mawe kule Ikola. Wenyewe wamezaliwa Ujerumani, lakini ukimpa mzee ramani ya Katavi anakuonyesha Ikola bila miwani. Mimi wa Kigoma nimeipita usiku tu, nimelala ndani ya meli ya Liemba.

Kilichowahamisha ni jua. Kiangazi linapiga kioo mchana kutwa, mwani unaota, maji yanapata moto. Rafiki yangu wa Mwanza, niliyemwita atusaidie, akakunja mikono ya shati: "Tangi lenyewe ndilo hili? Kila mtu ashike pembe, twende." Mzee akachukua kalamu. Tangi ni la lita 300, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza mawe, mchanga na kioo chenyewe, unakaribia kilo 400. Magunia manne ya mahindi, mjomba, tena yanayoyumba. Maji yakienda upande mmoja kioo kinajipinda, na vioo hivyo havina msumari, vimeshikwa na silikoni tu. Laweza lisivuje leo, likavuja wiki ijayo saa nane za usiku, juu ya dari ya mama wa chini, ambaye hata kikohozi chetu hukilalamikia.

Basi umeme ukazimwa, hita ikaachwa ndani ya maji ipoe, maana ukiitoa ikiwa ya moto inapasuka. Tukanywa kahawa tukiingoja. Halafu maji yakanyonywa kwa mpira kwenda kwenye ndoo. Kazi hiyo mtu wa Mwanza aliijua vizuri mno; sikumuuliza alijifunzia kwenye gari la nani. Mawe yakatolewa kabla ya samaki, kwani ukimkimbiza samaki penye mawe utakesha.

Samaki wakaingia kwenye ndoo zenye maji yao yaleyale, na mifuniko juu, hawa wanaruka. Jike mmoja alituchelewesha. Koo limejaa, taya limeshuka, mdomo haufungi vizuri: alikuwa amebeba mayai mdomoni, na ukimshtua huyatema. Mzee akamchota kwa bakuli, si kwa wavu, akavuka naye chumba akimnong'oneza Kijerumani. Mjukuu wake sijamwona akibebwa hivyo.

Mara nikasikia mzee anapiga kelele. Mtu wa Mwanza, kwa nia njema kabisa, yuko jikoni na sponji la chujio, limejaa tope la kahawia, mkono wa pili sabuni ya vyombo. Kumbe uchafu ule ndio mali yenyewe! Humo wanaishi bakteria wanaokula amonia inayotoka kwa samaki. Ukiwaua, samaki wanarudi kwenye maji yanayong'aa na kufa kwa sumu yao wenyewe. Sponji likanyang'anywa, likalazwa kwenye ndoo ya maji ya tangi. Rafiki yangu akapewa kazi ya kushika mlango.

Kilichonivutia zaidi ni sakafu. Nyumba ni ya zamani, ya mbao. Mzee alipiga magoti akifuata vichwa vya misumari kwa kidole, maana inakopita misumari ndiko iliko boriti. Akataka kabati la tangi likatize boriti kadhaa, karibu na ukuta mnene. Akaweka pima maji, akasokomeza kibao chini ya mguu mmoja, akapima tena. Fundi wetu wa Ujiji angekuwa ameshalipwa na kuondoka. Ndipo tukainua tangi tupu, tumelishika chini, si ukingoni. Dakika moja, kwisha.

Maji ya zamani yakarudi, mapya yakaongezwa kwa joto lilelile, mawe yakapangwa, samaki wakaachiwa. Vita! Mawe yakipangwa upya mipaka inafutika, kila dume linadai kiwanja, na mjumbe wa nyumba kumi hakuna. Leo hawapewi chakula, maana wakila baada ya msukosuko matumbo huvimba. Sisi wabebaji tumepewa mkate na jibini, wali nimeuota tu.

Sasa mzee anataka kuzungumza nawe kwa video, akuone uko ziwani. Ameshaniuliza kama kwetu samaki hawa huliwa, nami nikajifanya sijasikia. Kwa hiyo siku hiyo simama mbali na chanja za dagaa, na mkaza mjomba umwombe ile migebuka aikaange baadaye.

Mpwa wako