Heko, "Run"

Nani kama wewe, "run" ya Kiingereza? Umbo la sisimizi, herufi tatu tu, na bado Peter Gilliver, mtunga kamusi wa Oxford, alikuhesabia maana 645 ukiwa kitenzi peke yake.

Kubwa ninalokusifia ni ukarimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ulipoingia China walipona wengi. Kapona mchapaji wa vitabu vya msamiati, kapona muuza miwani ya wanaokukariri usiku wa manane, kapona mwenye kituo cha tuisheni. Hata mimi, mwanafunzi wa kigeni pale Wuhan, nilipata kodi ya chumba kwa kukufundisha jioni. Mtoto wa Kichina alikuja akijua unakimbia, basi. Wewe ukamtolea pua ivujayo makamasi, duka linaloendeshwa, maziwa yaliyoisha, kisukari cha ukoo, mtu anayegombea ubunge, na soksi iliyofumuka. Kila maana saa moja, kila saa ujira wa mtu. Serikali gani imewahi kutoa ajira 645 kwa herufi tatu?

Tena huandikiki kwa shida, na wakati uliopita unabadili irabu moja tu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita alikukuta kwenye sentensi ya pua. Akachora pembeni mwa daftari pua yenye miguu miwili, imevaa raba, jasho linaitiririka. Nilitaka kumpa alama zote. Mwenye kituo akamkosesha kwa kalamu nyekundu: gaokao, mtihani wa kujiunga na chuo kikuu, haina michoro.

Gaokao! Karatasi ya Kiingereza ina alama 150, sawasawa na Kichina na hisabati, na mwaka 2024 waliojiandikisha walizidi milioni 13. Mtoto anawekewa aya yenye mapengo na majibu manne manne, achague. Akiteleza hapo, chuo alichokitamani kinakwenda kwa mwingine. Kama anaweza kumwambia daktari kinachomuuma, katika mikoa mingi hilo halina alama. Mwaka 2021 serikali ikawabana wenye vituo vya tuisheni. Mtihani wenyewe ukabaki palepale, na wazazi wakatafuta walimu wa kuja sebuleni.

Vijana nao wamekuongezea maana. Wana herufi yao, 润, ya unyevu na ulaini, ambayo kwa alfabeti ya Kilatini huandikwa kama wewe. Wameigeuza kuwa kuihama nchi. Hiyo wameielewa bila tuisheni, na kwenye mtihani haiulizwi.