Shindwa Mapema: Mwongozo wa Mtafiti Mwenye Haraka

Umepata kichwa cha utafiti: "Nafasi ya Teknolojia katika Kukuza Stadi za Ujasiriamali." Msimamizi amekipitisha, mjomba amechangia ada, na moyoni umeshaanza kulisikia jina lako likitanguliwa na neno Daktari. Usione haya. Wenzako wanaopanda daladala kwenda vyuo vya Njiro, Tengeru na Usa River, huku Arusha, wana ndoto hiyo hiyo. Sogea basi nikuonyeshe vichochoro. Kushindwa utashindwa, tena zaidi ya mara moja. Mimi nataka ushindwe mapema, kwa gharama ndogo, na mbali na macho ya jopo la watahini.

1. Kata kichwa

Kichwa chako ni kizito. Neno "teknolojia" peke yake limebeba simu, kompyuta, trekta na mashine ya kupukuchua mahindi. Huwezi kujitwisha vyote mgongoni na ukapanda navyo Mlima Meru.

Chukua kitu kimoja kinachoshikika. Mama anayeuza ndizi soko la Tengeru anaandika wapi madeni ya wateja wake, na simu imebadilisha nini katika kuandika huko? Hapo pana teknolojia, pana kujifunza, pana biashara, na vyote vinaenea kwenye daftari moja. Wenzako wataliona swali dogo. Waache walione dogo. Wewe utakuwa unaandika sura ya nne wakati wao bado wanatafuta maana ya "stadi".

2. Iba swali

Usikae maktaba ukitunga swali. Maswali mazuri yameshatungwa na shida za watu; wewe nenda ukaibe.

Mwangalie Askwar Hilonga. Alitoka kijiji cha Gongali, Karatu, akasoma hadi shahada ya uzamivu Korea Kusini, kisha akarudi kufundisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapo Tengeru. Angeweza kutafiti lolote la kuwapendeza wageni. Akachagua maji ya kunywa. Kila mkazi wa Arumeru anajua kwa nini: maji mengi ya huku yana floraidi iliyotoka kwenye miamba ya volkano, na ndiyo inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Chujio lake linaunganisha mchanga na nanoteknolojia, na hurekebishwa kulingana na kilichomo kwenye maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, akiwa mshindi wake wa kwanza kabisa, akapewa pauni 25,000. Swali lilikuwa kwenye ndoo za kwao. Na kwenu zipo ndoo.

3. Liue dodoso likiwa changa

Chapa nakala tano tu. Usiende Tengeru Jumatano wala Jumamosi asubuhi. Hizo ni siku za soko, na mtu anayepanga mikungu hana nafasi ya kukusikiliza. Nenda siku iliyotulia. Toa shikamoo, nunua kitu, ukae kwenye kigoda utakachopewa hata kama kimelegea.

Sasa tazama dodoso lako linavyokufa. Umeandika ngazi tano, kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Mama atajibu "nakubali sana" mwanzo hadi mwisho, kwa sababu wewe ni mgeni wake na umetembea juani. Huo ni ukarimu. Ukiuingiza kwenye kompyuta na kuuita takwimu, umemkosea yeye na umejikosea wewe.

Furahi, maana umepoteza karatasi tano badala ya mia tatu. Rudi kesho bila ngazi, uulize la jana:

"Mama, jana kuna aliyechukua mkungu akasema atalipa baadaye?"

"Wapo wawili, mwanangu."

"Umewaandika wapi?"

Hapo utaonyeshwa daftari la mtoto wa darasa la tatu, au ujumbe wa M-Pesa ambao haufutwi mpaka deni liishe, au alama za mkaa kwenye ubao wa kibanda. Piga picha kwa ruhusa yake. Dakika kumi zimekupa data ambayo dodoso lisingekupa kwa mwezi.

4. Kata kona, lakini iandike

Mwaka 1963, kule sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyapoza, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa inakwisha. Erasto Mpemba akakata kona: akaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa.

Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, wenzake walimcheka. Hakuacha. Alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Denis Osborne, akamuuliza mbele ya darasa. Osborne akaenda kulipima swali hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo yao. Wanafizikia wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo, na jina la kijana wa aiskrimu liko kwenye ubishi wao.

Kwa hiyo kata kona unapobanwa. Ulipanga watu arobaini ukapata kumi na tisa? Andika kumi na tisa, na useme kwa nini. Kona iliyoandikwa ni mbinu ya utafiti. Ukiificha, siku ikifichuka itaitwa wizi.

5. Pita mbali na stesheneri ile

Unaijua. Unaacha kichwa cha utafiti na fedha, unarudi baada ya wiki mbili kuchukua tasnifu yenye jalada gumu. Naitaja kwa sababu inafanana na mkato. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi: yako itaishia mbele ya jopo, mzee mmoja atakapokuuliza kwa upole, "Huyu mama wa ukurasa wa sitini na mbili, anauza nini?" Aliyekaa kwenye kigoda kilicholegea hawezi kukwama hapo.

6. Jibu likiwa "hapana", lichape

Huenda ukagundua kwamba semina ya ujasiriamali waliyohudhuria akina mama haikubadilisha kitu, na kwamba mama anatumia simu kupokea fedha huku madeni akiendelea kuyaandika kwa mkaa. Utashawishika kulipamba jibu. Liache lilivyo. Hapana yako itamwokoa mwenzako asirudie semina ile ile, na itawapunguzia akina mama siku za kufunga vibanda ili wakafundishwe wanachokijua.

7. Rudi

Watafiti wengi hawarudi. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akipinga elimu inayomtenga msomi na jamii yake. Sura ya tano inayobaki kwenye kabati la chuo ni elimu ya namna hiyo.

Andika matokeo yako kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, uyapeleke Tengeru kabla ya kuyapeleka kwa jopo. Msomee mama. Atakusikiliza, kisha atakuzuia katikati: hapa umekosea, yule wa mkungu hakuwa jirani, alikuwa shemeji, ndiyo maana hakuandikwa. Toa kalamu urekebishe palepale, maana shemeji huyo ndiye kiini cha utafiti wako, na umempata kwa kurudi.

Ukimaliza, atawaita wenzake wa vibanda vya jirani: "Njooni mumsikilize daktari wetu." Jopo bado halijakaa.