Kosa Liko Mstari wa 8

Sahau nukta mkato mwishoni mwa mstari wa 7 katika lugha ya C, uone kompaila inavyoweza kukuambia kosa liko mstari wa 8. Mstari wa 8 hauna hatia. Kitanzi chake kimekaa sawasawa, mabano yamefungwa, lakini ndicho kinachotajwa, kama jirani anayeitwa kwa balozi wa nyumba kumi eti kuku wa mtu kaibwa. Sababu ipo: kwa kompaila, mwisho wa mstari si kitu, haijui kuna kilichokosekana mpaka igongane na neno linalofuata. Sababu nzuri, ila hasira haipungui.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta aliingia juzi na laptopu kifuani. "Shikamoo mjomba. Hii mashine inanitukana."

Alitaka iandike 1 mpaka 10. Sehemu tatu za kitanzi cha for, yaani pa kuanzia, sharti na ongezeko, alizitenga kwa mikato badala ya nukta mkato. Kompaila ikamjibu kwamba nukta mkato inatarajiwa ndani ya for. Ikarudia jibu hilohilo, neno kwa neno. Mtoto ni mtiifu. Kaambiwa mara mbili, basi akabandika nukta mkato mbili, zote pamoja, mwishoni kabisa kabla ya mabano ya kufungia.

Ikakubali! Lilibaki onyo, lakini onyo nani analisoma? Programu ikaandika 2. Halafu 2. Halafu 2 tena, skrini nzima, maana sehemu ya sharti sasa ilikuwa tupu, na kwa C sharti tupu ni ruhusa ya kuzunguka milele.

"Angalau makosa yameisha, mjomba."

Nikambonyezea Control na C.

Ugomvi wangu mkubwa na kompaila si kelele zake, ni ukimya wake. Tia nukta mkato moja baada ya mabano ya for: kitanzi kitazunguka mara kumi bila kazi, kisha itaandikwa 11, basi, na usipoomba maonyo huenda usiambiwe lolote. Fortran ya IBM ya 1957 ndiyo ilivunja rekodi. Ukiandika DO 10 I = 1.10 badala ya 1,10, haikuona kitanzi hata kidogo. Ilipuuza nafasi, ikaunda kigeu kinachoitwa DO10I, ikakipa thamani ya 1.10, ikaendelea na safari.

Python nayo, ukisahau nukta mbili baada ya for, ilisema tu kwamba sintaksia ni batili. Toleo la 3.10, la mwaka 2021, ndilo lililoanza kutamka kwamba nukta mbili zinatarajiwa. Lugha yenyewe ilitoka 1991. Miaka thelathini kutunga sentensi moja!

Basi, ndugu msomaji, ukiambiwa kosa liko mstari wa 8, anza kutafuta wa 7. Na maonyo, tafadhali, yasome.