Sifa za Kadi Isiyo na Kazi

Wenye kusifu majemedari na maharusi na waendelee. Mimi leo namsifu mkazi mmoja wa ThinkPad yangu kuukuu, ya enzi zile nembo ya IBM ingali kwenye kifuniko cha juu: kadi ya kijani, ndogo kuliko kiberiti. Tuliifungua mashine kusafisha feni. Feni ilikuwa na vumbi la kupandia mchicha. Kadi ilikuwa safi, imetulia, imekazwa kwa skrubu mbili, kama mzee wa baraza ambaye hata akisinzia kiti ni chake.

Tazameni haya yake. Haikujitangaza. Kwenye stika palikuwa na herufi FRU na namba, basi. Fundi wangu aliikagua kwa lenzi akasema, "Hii ya waifai, bosi." Kisha akasema ya sauti. Kisha akanyamaza. Niambieni, ni kitu gani kingine duniani kilichowahi kumnyamazisha fundi?

Siri ilitolewa na nyaya mbili nyembamba zilizosokotana, zikitambaa hadi kwenye tundu la ubavuni, lile dogo ambalo waya wa intaneti hukataa kuingia hata ukiubembeleza. Tundu la simu ya mezani! Tulipoitafuta ile namba kwenye kitabu cha matengenezo, ikakiri: modemu.

Na kasi yake je? Kwa kiwango cha V.90 cha mwaka 1998, kilobiti 56 kwa sekunde, tena laini ikiwa na hisani. Picha moja ya megabaiti 4 ingeshuka kwa dakika kumi hivi: muda wa kuchemsha chai, kuinywa, na kumsamehe jirani. Intaneti ya leo imetupokonya subira hiyo, nasi tunaiita maendeleo.

Lakini hekima yake kuu ni hii: modemu nyingi za aina hii hazihangaiki kufikiri. Kazi ngumu ya kugeuza milio ya laini kuwa data huitupia prosesa. Yenyewe hukaa mlangoni kupokea simu, jasho likimtoka mwenzake. Nani kati yetu hajawahi kuwa na mkuu wa namna hiyo?

Tuliing'oa, tukawasha mashine: ikafanya kazi. Tukairudisha: ikafanya kazi vilevile. RAM ikilegea, mashine haiwaki. Diski ikifa, mtu hulia. Kadi hii haijamliza mtu tangu simu ya mezani ilipoondoka sebuleni.

Wakati wa kufunga, skrubu moja ya kadi ilikuwa imepotelea chini ya meza. Fundi alinitazama, akaitazama feni inayozunguka kutwa kucha kutupoza sote, akachomoa skrubu yake moja akaikazia kadi.

Nami sikumzuia.