Asubuhi au Jioni

Wandegeya, karibu na njia ya kupandia Mulago, palikuwa na mti mkubwa uliokaliwa na kaloli. Aliyewahi kufika Kampala hahitaji kuelezwa. Kwa asiyefika: kaloli ni korongo anayemfikia mtu mzima kifuani, kichwa kipara, mgongo mweusi, na shingoni umening'inia mfuko wa nyama kama tai ya mheshimiwa aliyetoka kula. Chakula chake ni taka za mji, na taka za mji haziishi.

Chini ya mti waliishi wanyonge: kuku, panya waliohamia kutoka soko la Owino, mbuzi wawili wa muuza rolex (chapati ya kukunjia mayai, si saa), na njiwa. Hawa walikuwa na lalamiko moja tu. Walikuwa wakinyewa kila siku.

Mzee Kaloli hakukasirika kulisikia. Alishuka tawi moja, akakohoa, akasema, "Sisi si madikteta. Nyinyi ndio wenye nchi, basi chagueni wenyewe. Mnataka tuwanyee asubuhi au jioni?"

Furaha iliyozuka haielezeki. Tangu mti uote hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Panya walitaka asubuhi, kwa sababu asubuhi wao huwa wamelala mashimoni. Kuku walitaka jioni, kwani asubuhi ndiyo saa yao ya kuokota punje. Mbuzi mmoja akaenda huku, mwenzake kule, na kamba yao ilikuwa moja. Wiki haikwisha kikazaliwa Chama cha Asubuhi na Chama cha Jioni, kila kimoja na kofia zake. Vyote viwili vilifadhiliwa na kaloli, ambao usiku walipita nyumba kwa nyumba wakigawa chumvi, sabuni na sukari nusu kilo. Majirani wakaacha kuamkiana. Panya mmoja aliyeoa kwa watu wa Jioni aliambiwa na wakwe achague: kadi ya chama au mke.

Njiwa peke yake alinyoosha bawa. "Ssebo, na sisi tusiotaka kunyewa kabisa?"

"Hilo halimo kwenye karatasi."

"Karatasi ameiandika nani?"

"Kamati."

"Na kamati imechaguliwa na nani?"

"Na nyinyi, mwanangu. Mliulizwa iwe na kaloli watano au saba, mkasema saba."

Usimlaumu njiwa kwa ukaidi wake, maana ukoo wao una historia. Mwaka 2000 wanadamu wa Uganda waliulizwa wanataka nini: mfumo wa Movement usio na vyama, au vyama vingi. Kwenye karatasi ya kura Movement ilikuwa basi na vyama vingi vilikuwa njiwa. Basi lilimpita njiwa kwa asilimia 90 na kitu. Miaka mitano ilipopita tu, mwezi Julai 2005, walewale wenye basi wakarudi kuwaomba wananchi wavikubali vyama vilevile vya njiwa, na wananchi wakakubali, asilimia 92. Mwaka huohuo Bunge likaondoa ukomo wa mihula ya rais. Hilo halikuandikiwa karatasi ya kura. Tangu hapo, njiwa akiulizwa swali humtazama kwanza muulizaji.

"Una kinyongo," Mzee Kaloli akamwambia, kisha akawageukia wengine. "Tazameni miguu yangu!"

Kweli ilikuwa myeupe. Jua likiwaka kaloli hujinyea miguuni ili mwili upoe. Hii si hekaya, wajuzi wa ndege wanalijua.

"Tumeanza na sisi wenyewe," akasema. "Chini ya mti huu hakuna aliye juu ya kinyesi."

Umati ukapiga makofi. Mbuzi wa kwanza alilia.

Kura ilipigwa kwa mlolongo, kama wanadamu walivyowachagua wenyeviti wa vijiji, wa LC1, Julai 2018: kila mtu nyuma ya amtakaye, na amtakaye ageuke amwone. Mwangalizi wa uchaguzi alikuwa Kunguru wa Mombasa, ambaye mababu zake waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wausafishe mji, wakaona vifaranga ni vitamu zaidi. Alipotua na kusema "Hamjambo wananchi," kuku wote wakaingia chini ya kibanda. Kwa wazee wa Kampala Kiswahili ni lugha waliyosikia kwa askari kwenye vizuizi, na aliyeamkiwa hivyo hakuitikia, alitoa kitambulisho.

Njiwa akamuuliza anauonaje uchaguzi.

"Mzuri mno," akasema Kunguru. "Kwetu Kenya mwaka 1988 mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Wenu mrefu umetangazwa mrefu. Mmeendelea." Akaletewa matumbo ya sangara kutoka Ggaba, akayamaliza, akaandika ripoti.

Asubuhi ikashinda. Chama cha Jioni kikaenda kwa Bundi, anayelala darini mwa mahakama na kuokota sheria zinazopenya mbaoni. Shitaka lao lilikuwa zito: daftari la wapiga kura lilijaa swala pala. Swala hao ndio waliokuwa wakilisha kwenye vilima hivi, na mji ukapata jina kwao, lakini hakuna aliye hai aliyewahi kumwona hata mmoja Wandegeya. Wote walikuwa wameichagua Asubuhi.

Bundi akafumba jicho moja. Akakumbuka kwamba mwaka 2001, na tena 2006, majaji wa wanadamu waliokuwa chini yake walizikuta dosari za kutosha katika uchaguzi wa rais, kisha wakasema, kwa sauti tatu dhidi ya mbili na baadaye nne dhidi ya tatu, kwamba hazikubadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa. Akahukumu vivyo hivyo. Kuhusu swala akaongeza kwamba kutokuwepo si kosa la mpiga kura.

Kesho yake alfajiri kaloli wakatekeleza matakwa ya wananchi, bila kubakiza. Jioni wakarudia. Kuku wakatoka wakipiga kelele, na Mzee Kaloli akawaeleza kwa upole kwamba serikali yake haiwapuuzi walioshindwa.

Chama cha Jioni kikacheza ngoma mpaka usiku wa manane.